Kosta yetu imenyimwa stika

SEHEMU YA 1

Tangu wiki iliyopita simu yangu haipumui. "Nesi, kliniki ya mkoba imekufa?" "Nesi, mtoto wangu katimiza miezi tisa, niende wapi sasa?" Mmoja wa kule chini ziwani akaniandikia kwamba wamesikia gari limekamatwa kwa sababu zahanati inadaiwa. Hapana jamani, hatudaiwi. Gari limepelekwa kukaguliwa, limekutwa na ubovu, likanyimwa stika. Nimeona nieleze yote hapa, kwa vipande, maana kwenye ubovu ule yapo mambo yanayowahusu hasa nyie mnaopanda Noah mkiwa na watoto wachanga.

Kwa msioijua Kosta yetu, ile haikuanza maisha kama kliniki. Ilikuwa basi la abiria, halafu kampuni moja ya utalii ikang'oa viti na kuigeuza nyumba: vitanda viwili, sinki lenye pampu ya mkono, tangi la maji, jiko la gesi la plati mbili, jokofu la gesi, mapazia madirishani. Wageni walikuwa wanalala humo wakienda Hifadhi ya Katavi kuangalia viboko wanavyojazana kwenye madimbwi ya Mto Katuma wakati wa kiangazi. Walipoichoka, zahanati yetu ikainunua. Kitanda kimoja tunapimia wajawazito. Kingine tunalala mimi na dada mwenzangu tukikuta giza limeingia. Jokofu tunagandishia zile barafu za kwenye boksi la chanjo. Watoto wa vijijini wanaiita nyumba inayotembea, na wengine wakiiona tu wanaanza kulia, maana wanajua ndani kuna sindano.

Sasa, wiki ile ya ukaguzi Mzee wetu wa usukani alitaka kwenda peke yake. Mimi nikasema naenda naye, kwa sababu vitu vya ndani ni vya kwangu na sikutaka mtu avivuruge. Tukafika asubuhi tukakuta foleni: Noah, Hiace, Fuso za mahindi, bajaji. Mkaguzi alikuwa afande wa kike, mdogo kwa umri, koti la kazi limechafuka grisi mpaka viwikoni. Nikasema moyoni, huyu hachezi.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari la wagonjwa hili, tuwahishe kidogo."

"Ndiyo maana nitalikagua kwa utulivu," akasema.

Akaanza na vitu ambavyo hata sisi tunaviona: taa kubwa, taa za kupinda, taa za breki, honi, wipa, vioo vya pembeni. Vikapita vyote isipokuwa taa moja ya breki. Akaomba pembetatu za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto na sanduku la huduma ya kwanza. La huduma ya kwanza nikampa kwa maringo, maana kwa hilo hatushindwi na gari lolote la mkoa huu. Akasoma kadi ya gari akalinganisha namba ya chesisi. Halafu akatandika boksi chini, akalala chali, akaingia uvunguni.

Kule chini akakaa muda. Akamwambia Mzee akanyage breki aishikilie. Mimi nilikuwa mlangoni naona mguu wa Mzee. Pedali ikashika, halafu ikaanza kushuka. Taratibu tu, kama mtu anayesinzia. Mzee akaachia, akapampu mara mbili, ikapanda ikawa ngumu. Akanitazama kana kwamba ananiambia, si umeona, inashika.

Afande akatoka. Akatuita kwenye tairi la nyuma upande wa kushoto, akatuonyesha ndani ya rimu pameloa. Nilidhani ni maji ya matope. Akapitisha kidole, akanipa nikiguse: laini, kinateleza. "Haya ni mafuta ya breki," akasema. "Yanavuja kwenye silinda ya tairi hili. Mzee akipampu anapata breki leo. Siku yataisha atapampu hewa."

Akatupeleka kwenye kimwinuko kilichopo pale, akaagiza hendibreki ivutwe na gia iwe huru. Kosta ikarudi nyuma polepole na mapazia yake yanapepea. Tairi mbili za nyuma alizitazama tu akatikisa kichwa, vipara. Na mvua ndiyo hizo zimeanza.

Mimi nikawa najua tumekwisha, lakini bado hajaingia ndani. Kuingia ndani ndiko kulikonifanya niandike haya yote. Akasimama katikati, akaangalia vitanda, sinki, jiko, mizani ya kupimia watoto iliyoning'inia darini. Akauliza, "Nesi, humu gari likitembea anakaa nani?"

Nikamwambia: sisi wawili, mhudumu wa afya wa kijiji tukimpitia, na mara nyingine mama tunayemrudisha mjini na mtoto wake.

"Anakaa wapi?"

"Kitandani."

"Amefungwa na nini?"

Nikabaki namtazama. Mkanda upo wa dereva na wa abiria wa mbele. Nyuma hapajawahi kuwa na mkanda tangu gari liko kwetu, na wale watalii nao sijui walikuwa wanajishikiza kwa imani. Akainama chini ya kitanda, akauona mtungi wa gesi umesimama peke yake, haujafungwa hata kamba, mpira wake umepita nyuma ya godoro kwenda jikoni. Akauliza mpira ule una miaka mingapi. Hakuna aliyejua.

Akaandika. Breki, hendibreki, taa moja, tairi mbili, mtungi wa gesi, mikanda. Na la mwisho: kadi inasema basi la abiria viti 26, ndani kuna vitanda na viti vitano. Mabadiliko kama hayo yanatakiwa yafike TRA kadi irekebishwe, na bima inaandikwa kufuata kadi. Stika hakuna. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kuingia barabarani, na haijaweka msamaha kwa sababu ndani kuna nesi.

Tulipotoka, kijana mmoja anayeshinda nje ya uwanja, si askari wala fundi, akamvuta Mzee pembeni. Nilimsikia. "Mzee wangu, stika ni karatasi tu. Nipe mpaka jioni."

Mzee akanigeukia. Siku ya kwenda Karema ilikuwa keshokutwa yake. Nikamwuliza, "Mzee, hiyo stika itashika breki?"

Akacheka, lakini kicheko cha hasira. Safari nzima ya kurudi hatukuongea.

SEHEMU YA 2

Wengi mmesema Mzee ni mkaidi. Naomba mumheshimu. Mtu huyu ameshusha mteremko wa kwenda ziwani miaka kumi na kitu, usiku, mvua, na wajawazito ndani, hajawahi kumwangusha mtu. Jioni tulipokaa na daktari mfawidhi akajitetea vizuri tu: "Mwanangu, ule mteremko hushuki kwa breki. Unashuka kwa gia. Ukishuka kwa breki zinapata moto, zinakuacha." Na ni kweli. Fundi naye alikubali kwamba gia ndogo ndiyo inayobeba gari mlimani. Lakini akaongeza neno moja: gia inapunguza mwendo, haisimamishi gari mbele ya mbuzi. Wala mbele ya mtoto anayekimbilia nyumba inayotembea.

Mjue jiografia yetu kidogo, hasa mlioko Dar mnaosoma hapa. Mpanda tuko juu, Ziwa Tanganyika liko chini, kama mita 770 tu kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapa mpaka Karema ni zaidi ya kilomita 100, na sehemu ya mwisho unashuka kweli kweli. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa, na vijiji vingi bado huduma inafuata barabara. Nikichoka huwa namkumbuka Adrian Atiman, yule tabibu aliyetokea Afrika Magharibi akiwa ametolewa utumwani, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu wa kule mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka yote hiyo na hakuwa na Kosta. Basi sisi kukosa gari wiki moja isiwe kiama.

Ila wiki moja si kitu kidogo kwa kila mtu. Ndiyo kazi tuliyofanya usiku ule, kuchambua daftari jina kwa jina: nani anaweza kusubiri na nani hawezi.

Watoto wa chanjo za wiki 6, 10 na 14, wanasubiri. Wa surua na rubella ya miezi 9 na ile ya pili ya miezi 18, wanasubiri pia, ila isizidi. Hapa nawaomba mnielewe vizuri, kwa sababu nakutana na hili kila mwezi. Mtoto akichelewa chanjo kwa wiki moja, au hata miezi, HAANZI UPYA. Tunaendelea alipoishia. Kuna mama walishaacha kabisa kuja kwa kuogopa kugombezwa kwamba wamepitisha tarehe. Njoo tu. Kama kuna nesi atakugombeza, mvumilie, mtoto achanjwe. Ila msije na hilo kama ruhusa ya kuchelewa makusudi: surua haisubiri tarehe ya kadi, na chanjo ya kuharisha ina umri ambao ukipita hatuitoi tena.

Kwa kijiji cha karibu hatukusubiri. Dada mwenzangu alipanda pikipiki na boksi la chanjo mgongoni, barafu zimepangwa, kipimajoto ndani kinasoma kati ya nyuzi 2 na 8, akachanja chini ya mwembe. Mizani wakafunga kwenye tawi. Akarudi amepakwa vumbi kama ametoka kusaga unga.

Aliyenikosesha usingizi ni mama mmoja wa kule chini. Sitasema ni nani wala kijiji gani. Mimba ya kwanza, mwezi wa nane, na mara ya mwisho presha yake ilikuwa 140 kwa 90. Huyo tulipanga kumpima tena siku ile ile ambayo Kosta imezuiwa. Mfawidhi akaniuliza, "Huyu tunamfanyaje?" Mzee hapo akainua kichwa. Akasema pole pole, "Kwa ajili ya huyo mmoja, mimi naweza kushuka." Na nilijua anaweza. Na nilijua pia kwamba tukimkuta na hali mbaya, atapanda mlima ule amelala kwenye kitanda kisicho na mkanda, kwenye gari linalovuja mafuta ya breki, mimi nimeshikilia dripu.

Nikampigia simu. Nikamwuliza: kichwa kinauma? Macho yanaona ukungu? Uso au mikono imevimba? Maumivu hapa juu ya tumbo, chini ya mbavu? Akasema kichwa, tangu jana, amemeza panadol. Nikaomba niongee na mume wake. Namshukuru sana yule baba, hakuniuliza maswali mawili. Alimpeleka kituo cha afya asubuhi hiyo hiyo. Presha ilikuwa imepanda na mkojo una protini. Kituo wakapiga 115, gari la m-mama likampeleka hospitali. Amejifungua. Mtoto mdogo kiasi lakini ananyonya vizuri, na mama yuko salama.

Namba hiyo iandikeni mlangoni: 115. Ni bure. Ni kwa mjamzito, kwa mama aliyejifungua ndani ya siku 42, na kwa mtoto mchanga mpaka siku 28. Dalili nilizomwuliza yule mama zikikutokea na una mimba, usisubiri Kosta yangu wala ya mtu yeyote.

SEHEMU YA 3: MTUNGI

Nimepata maswali mengi kuhusu gesi, basi kipande hiki kinamhusu kila mwenye mtungi nyumbani. Na tuko wengi sasa, maana serikali yenyewe ina mkakati wa 2024 mpaka 2034 wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia. Mtungi mdogo umeingia mpaka vyumba vya kupanga vya Makanyagio. Vizuri sana, mapafu ya watoto yanashukuru. Lakini mtungi una tabia zake.

Fundi wa gesi tuliyemleta alianza kwa kutufundisha jambo ambalo nilikuwa nalisikia juu juu: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini ikatokea dirishani. Inashuka sakafuni, inatulia kama maji, inasubiri cheche. Kwenye Kosta madirisha yetu yote yako juu. Chini kumezibwa vizuri na mbao ili vumbi lisiingie. Yaani aliyeijenga ile nyumba alifunga mlango wa gesi na kuacha wazi mlango wa upepo. Na juu yake ndipo analala mjamzito.

Alipopaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, viputo vikatoka. Vidogo, vya taratibu. Sisi tulikuwa tunalalamika humu ndani mna harufu, tunasema ni choo cha kijiji, ni dawa, ni soksi za Mzee. Gesi yenyewe haina harufu, jamani. Ile harufu ya yai viza imewekwa makusudi kiwandani ili pua ikuambie. Ukiisikia usiwashe taa, usizime taa, usiwashe kiberiti "kuangalia". Funga mtungi, fungua milango, toa watoto nje, halafu ndiyo uulize. Na mkipima, pimeni kwa povu la sabuni, kamwe si kwa njiti.

Mtungi sasa umehamia nje, kwenye sanduku la chuma nyuma ya gari, umefungwa mkanda, na sanduku lina matundu chini ili ikivuja idondokee barabarani. Mpira mpya. Gari likitembea mtungi unafungwa, jokofu linazimwa, barafu zinakaa kwenye boksi.

Nilitaka kujua wenzetu wenye magari-nyumba wanafanyaje, nikasoma. Uingereza gari likishatimiza miaka 3 linaingia kwenye ukaguzi wa kila mwaka, lakini wanaangalia breki, tairi, taa, chuma. Mambo ya jiko na gesi ndani ya nyumba kwa kawaida mwenye gari anayapima kivyake. Ujerumani wana ukaguzi wa gesi peke yake kila baada ya miaka 2. Sisi tulipata afande aliyeinama chini ya kitanda. Kwa kweli sikutegemea.

Na hapa nichomekee la kwangu la uuguzi, halina gari. Mama aliyejifungua, baridi ya alfajiri, bibi anaingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto apate joto, mlango unafungwa. Msifanye. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, hiyo hakuna kiwanda kilichoitia yai viza. Watu wanalala, hawaamki. Kwenye Kosta tumepiga marufuku kulala jiko likiwaka, la gesi au la mkaa, hata kama nje kuna baridi ya Mwese. Mtoto mpashe joto kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, mjifunike kanga na blanketi. Hiyo haijawahi kumdhuru mtu.

SEHEMU YA 4

Pesa. Najua mnataka kujua, maana mmoja kaniuliza kama mtachangishwa. Hapana. Zahanati ilikuwa imetenga fungu la kuipaka Kosta rangi mpya, na mchoro wa mama na mtoto ubavuni. Mchoraji alishakuja kupima. Rangi ikageuka tairi mbili, silinda ya breki, mpira wa gesi na mikanda. Mfawidhi aliumia kwa ule mchoro, nilimwona. Kosta imebaki na rangi yake ya watalii, ina twiga aliyebabuka.

Silinda haikupatikana Mpanda. Ikaletwa kwa basi kutoka Tabora, ikakosea, ikarudishwa, ikaletwa nyingine. Hapo ndipo siku nne zikapotea. Fundi alipofungua lile tairi la nyuma alimwita Mzee, akamwonyesha mpira wa ndani ya silinda umekatika, na breki zimelowa mafuta pande zote. Mzee akakishika kile kimpira, akakigeuzageuza, akakitia mfuko wa shati. Mpaka leo anacho. Sijamwuliza kwa nini, na nyie msimwulize.

Kwenye tairi nimejifunza kitu kimoja mnachoweza kukitumia hata kwenye Noah ya shemeji. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu 4 ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi tulizouziwa mara ya kwanza zilikuwa na vinundu vizuri, nyeusi zinang'aa, na tarakimu zikatuambia zina umri kuliko mtoto wangu wa darasa la tano. Tukazirudisha. Muuzaji akanuna, akatafuta nyingine.

Sasa mikanda, kwa sababu nyie mama ndio mnaobeba. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 duniani. Huwa tunazungumza malaria, tunazungumza nimonia, ajali tunaiachia bodaboda na Mungu. Sitawaambia mnunue kiti cha mtoto cha kwenye gari, najua bei yake na najua Noah mnazopanda. Ila haya hayana bei:

Ukipanda gari mfungue mtoto mgongoni. Gari likisimama ghafla wewe unamgandamiza kwenye kiti kwa uzito wako wote. Mlete mbele. Ukiwa na mkanda, jifunge wewe peke yako, usimzungushie na yeye ndani ya mkanda mmoja, utamkaba tumbo. Mshike kwa kanga ukiwa umejifunga, kaa siti ya nyuma, usikae mbele kwa dereva na mtoto hata akikupa heshima. Nasema ukweli, mikono ya mama haitoshi gari likigonga kitu, hakuna mama mwenye nguvu hizo. Ila ukikaa nyuma, umefungwa, mtoto hayuko mgongoni, umempunguzia mengi. Na madumu ya maji, mtungi, jembe, usiyaache nyuma ya kichwa cha mtoto. Yakiachiwa yanaruka. Afande alituondolea ndoo ya chuma na stendi ya dripu kwa sababu hiyo hiyo.

Siku ya kurudi kukaguliwa Mzee alivaa shati lililopigwa pasi. Afande akalala tena kwenye boksi lake. "Kanyaga. Shikilia." Nikahesabu kimoyomoyo kama ninavyohesabu mapigo ya mtoto, mpaka sitini. Pedali haikusogea. Kwenye kimwinuko hendibreki ikavutwa, gia huru, Kosta ikasimama kama imejengwa pale. Akaingia ndani, akavuta kila mkanda kwa nguvu, akanusa. Ananusa kweli, kama mama mkwe anayekagua jikoni.

Akambandikia Mzee stika mwenyewe, kwenye kioo. Mzee akasema, "Ahsante mwanangu," halafu akaongeza, "Yule wa ziwani amejifungua." Afande hakuelewa, hamjui. Akasema hongera.

Bado kadi, barua imekwenda TRA na tunasubiri. Na mikanda ya nyuma imepatikana minne tu, vitanda vyote viwili havikai mtu gari likitembea. Kiti cha tano hakina mkanda. Nimekifunga mizani hapo kwa kamba, na mtu akiniomba lifti ya kiti hicho, hata awe mwenyekiti wa kijiji, namwambia kimekaliwa.

Karema na vijiji vya njiani tunashuka Alhamisi hii. Waliokuwa kwenye daftari la wiki ile waje kwanza, wasipange foleni upya. Kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya mama, kanga ya kumfunikia.